Franga za matanga na franga za safari ya kupimwa

Maneno ya kamati ya afya mbele ya mkutano mkuu wa wanachama

Kamati ya afya iliomba saa nzima katika mkutano huu, mwenyekiti akatupa nusu saa, kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja. Tunataka kuongea juu ya kansa. Tunataka pia kuongea juu ya sanduku letu la msaada, kwa sababu mambo haya mawili yanashikana kuliko vile mtu anavyofikiri.

Wote mnajua sanduku hili lilianza namna gani. Tulipoanza kuvuka ziwa kutoka Kigoma, mwaka 2005 na miaka iliyofuata, tulishuka Baraka na mizigo na watoto, na wengi wetu tulikuta mashamba yamekuwa pori na nyumba zimebaki misingi tu. Mtu akifa, ukoo haukuwa karibu. Nani atanunua sanda? Nani atalipa mbao za jeneza? Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya chama ikawa ya matanga. Ni kanuni nzuri, na hakuna mtu wa kamati hii anayeidharau.

Lakini fungueni kitabu cha mweka hazina. Kurasa za matanga zinafuatana. Kisha ziko kurasa chache za safari ya mgonjwa aliyeshindikana, pesa ya mashua, pesa ya pikipiki, pesa ya kulala. Na mara nyingi jina lililo kwenye ukurasa wa safari, miezi michache mbele, linarudi kwenye ukurasa wa matanga. Tulilipa mara mbili, na mtu hatukumpata. Kati ya majina hayo wako wamama ambao walianza kutoka damu, wakanyamaza, wakanywa dawa za mizizi, wakasema ni mambo ya umri. Walipofika kwa dokta aliwaambia ugonjwa umeshatembea mbali.

Basi tuseme kwanza kansa ni nini, maana jina lenyewe linachanganya watu. Kule kambini Nyarugusu na Lugufu tulizoea kusikia saratani. Hapa watu wanasema kansa, wengine kansere, na wazee wanasema tu kidonda cha ndani kisichopona. Ni kitu kimoja. Mwili wetu umejengwa na chembe ndogo ndogo ambazo zinazaliwa, zinakufa, zingine zinachukua nafasi. Kansa ni pale chembe zinapokataa utaratibu: zinazaana bila kusimama, zinafanya uvimbe, kisha zinahama kwenda sehemu zingine za mwili. Siyo laana, na huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa au kwa kumwogesha. Tunasema hivi kwa sauti kwa sababu tumeona mgonjwa akitengewa kikombe chake na kitanda chake kama mwenye ukoma wa zamani, na hiyo inaua mtu kabla ya siku zake.

Katika nchi yetu ya Kongo, kansa zinazoongoza kwa wanawake ni ya ziwa na ya shingo ya kizazi. Kwa wanaume ya tezi dume iko mbele, na ya ini nayo inachukua wengi. Dunia nzima, mwaka 2022, wanawake karibu 660 000 walipatwa na kansa ya shingo ya kizazi, na karibu 350 000 walikufa nayo. Zaidi ya tisa katika kumi ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi za watu maskini na wa kipato cha kati. Hapo ndipo jambo linapouma. Wamama wa Ulaya wanapata virusi vilevile, lakini wanapimwa mapema. Wetu hawapimwi, na wengi wanazikwa bila ugonjwa wao kuandikwa mahali popote.

Na matibabu? Kansa ikishakuwa kubwa inataka upasuaji mzito, dawa za kupigwa kwenye mshipa, na mashine ya mionzi. Mashine hizo katika Kongo nzima zinahesabika kwa vidole, na Kinshasa kwa mtu wa Fizi ni safari ya ndege. Wenye ndugu ng'ambo wanafikiria Ocean Road kule Dar es Salaam, au Butaro kule Rwanda, kituo kilichofunguliwa mwaka 2012. Ni mahali pazuri. Lakini pasi, nauli, chakula cha mgonjwa na cha mlinzi wake kwa wiki nyingi, sanduku letu hata likipasuliwa halitoshi kwa mtu mmoja. Tusidanganyane hapo. Kinachowezekana kwa watu kama sisi kiko mwanzoni mwa njia.

Sasa tukae kidogo kwenye kansa ya shingo ya kizazi, kwa sababu hiyo ndiyo tunaweza kuizuia kuliko zote.

Inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV, vinavyopita katika tendo la ndoa. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha jambo hilo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Ziko aina nyingi, lakini mbili, namba 16 na namba 18, peke yake zinaleta karibu saba katika kumi ya kansa hizi. Wababa, sikilizeni vizuri hapa. Karibu kila mtu aliyewahi kulala na mwenzake anapata virusi hivi siku moja katika maisha yake, mwanaume au mwanamke. Mara nyingi mwili unavifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache vinabaki, na vinaweza kubaki miaka mingi bila dalili hata moja. Kwa hiyo mke akipimwa akakutwa na alama, hiyo siyo ushahidi kwamba juzi alikwenda nje. Hakuna dokta anayeweza kusema virusi viliingia mwaka gani wala kwa nani. Tunajua ndoa zinavunjika kwa karatasi za lopitali ambazo mtu amezisoma vibaya. Baba wa nyumba akianza kuuliza "ulivitoa wapi?", mke wa jirani akisikia hataenda kupimwa tena.

Kutoka virusi mpaka kansa ni safari ndefu. Kwa mwanamke ambaye kinga ya mwili wake iko sawa, ni miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye virusi vya sida asiyemeza dawa, inaweza kuwa 5 mpaka 10. Mwanamke mwenye virusi vya sida ana hatari mara sita kuliko mwingine. Tazameni basi muda tulio nao: miaka kumi, kumi na tano, ambapo shingo ya kizazi ina alama ndogo tu, haiumi, haitoi damu, na inaweza kumalizwa asubuhi moja.

Kupimwa kwenyewe kukoje? Wamama wengi wanaogopa kwa sababu hawajui. Mama analala kama anayekwenda kuzaa, muuguzi anafungua njia kwa chombo, anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, anangoja dakika moja hivi, anaangalia kwa taa. Ndiyo, siki, jamaa wa ile inayotiwa kwenye kachumbari, ila hii imepimwa nguvu yake. Sehemu yenye alama mbaya inageuka nyeupe. Basi. Hakuna kisu. Inaweza kusumbua kidogo, kama mtu anayebanwa tumbo. Ikionekana nyeupe, na kama alama ni ile ya kuweza kutibiwa hapohapo, wanaichoma kwa baridi kali au kwa joto, na mama anarudi nyumbani siku ileile. Mahali ambapo kuna mashine, wanaweza kupima virusi vyenyewe, na kipimo hicho ni bora zaidi, maana mama anaweza hata kuchukua mwenyewe kwa pamba ya kijiti akiwa amejifungia chumbani.

Wanaohitaji ni wamama kuanzia miaka 30, na wenye virusi vya sida kuanzia 25. Kipimo cha siki hakifai vizuri kwa bibi ambaye hedhi imekwisha, kwa sababu sehemu ya kuangalia inakuwa imejificha ndani. Lakini bibi huyo akitoka damu tena, hata tone, asingoje kipimo cha siki, aende kwa dokta moja kwa moja. Damu baada ya hedhi kukoma haina maelezo ya "ujana umerudi". Vilevile damu baada ya kulala na mume, damu katikati ya mwezi, au maji yenye harufu yasiyosikia dawa.

Mama mmoja wakati wa kuandaa maneno haya alituambia: "Mukitafuta magonjwa, mutayapata." Ni kweli, tutayapata. Tunataka kuyapata yakiwa bado madogo.

Na mabinti? Kuna chanjo. Inafaa kabla binti hajaanza mambo ya wanaume, kati ya miaka 9 na 14. Rwanda ilianza kuwachanja mabinti wake nchi nzima mwaka 2011, ya kwanza katika Afrika. Tanzania ilianza mwaka 2018, ikichagua kwanza wenye miaka 14. Kwa hiyo familia zilizorudi baada ya hapo, angalieni kwenye karti za mabinti zenu, zile ambazo mnazifungia pamoja na karatasi za kambi. Huenda binti ameshachomwa na nyumbani mmesahau. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linasema hata dozi moja inatosha kwa mabinti wa umri huo. Ikitangazwa katika eneo letu la afya, tunaomba mtu asianze kusambaza ile hadithi kwamba inafunga kizazi. Mabinti wa kwanza wa Rwanda waliochomwa mwaka 2011 leo ni wamama wenye watoto mgongoni. Na aliyechanjwa, akifika miaka 30, bado aende kupimwa, kwa sababu chanjo haifungi aina zote.

Kwa ziwa tutasema kifupi. Hakuna chanjo ya ziwa. Kuna mkono wako mwenyewe. Uvimbe ambao haukuwapo, ngozi iliyoanza kujikunja kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu bila kunyonyesha: nenda wiki hiyohiyo. Uvimbe mwingi siyo kansa. Lakini uvimbe usiouma usikutulize moyo, kwa sababu kansa ya ziwa mwanzoni mara nyingi haiumi.

Kwa watoto, jambo moja tu, na tunaomba walimu walio hapa walishike. Mtoto akivimba taya haraka, meno yakaanza kucheza, watu wanamkimbiza kung'oa jino. Inaweza kuwa jino kweli. Lakini katika nchi zetu zenye malaria mengi kuna kansa ya watoto inayoitwa Burkitt, jina la daktari aliyeieleza kule Uganda mwaka 1958. Inakua upesi ajabu, ndani ya siku uvimbe unaongezeka. Na inasikia dawa kuliko kansa nyingi, mtoto akifikishwa mapema. Taya lililovimba, jino likang'olewa na uvimbe ukaendelea, huyo ni wa lopitali kubwa leo, hata kama kesho ni siku ya soko.

Sasa wababa, msicheke, zamu yenu imefika. Ini.

Kansa ya ini ina milango mitatu mikubwa hapa kwetu. Wa kwanza ni virusi vya homa ya ini ya B, vinavyopita katika damu, katika tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Chanjo yake iko ndani ya ile sindano yenye kinga tano ambayo watoto wanachomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama anayekosa sindano ya tatu kwa sababu ya kilimo anaacha mlango wazi. Na wembe wa kunyolea kichwa watoto watano kwa zamu, tuuache. Mlango wa pili ni pombe, na hapa kanyanga tunaifahamu wote, hatuna haja ya kuihubiria.

Wa tatu ni ukungu wa karanga na mahindi, na huo watu hawaujui kabisa. Kuna ukungu unaoota kwenye nafaka iliyowekwa na unyevu, unatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haina ladha ya kukutisha ikiwa kidogo, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiwa nyingi inaua mara moja: Kenya mwaka 2004, kule Makueni na Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyooza ndani, wakafa 125. Ikiwa kidogo kidogo kila siku, kwa miaka, inaharibu ini. Na mtu mwenye homa ya ini ya B akila sumu hii, hatari haijumlishwi, inazidishwa.

Tuongee basi kama wakulima. Karanga zikitoka shambani zisilale kwenye udongo, zianikwe juu ya shitingi, na shitingi zile za zamani zinazofunika mbao nyuma ya nyumba zimepata kazi. Wengi wetu tunamwagia karanga maji ili maganda yalainike wakati wa kubangua. Tuache hiyo desturi, ndiyo chakula cha ukungu. Gunia lisikae chini, liinuliwe juu ya miti, mbali na ukuta. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu wa kijani, zitupwe. Hapo ndipo tunapojua patakuwa na manung'uniko, kwa sababu kwa kawaida zile mbaya hazitupwi: zinapelekwa kwa mwenye mashine, zinasagwa, na karanga ya kusaga inauzwa kwa bei ya chini kwa jirani aliye maskini kuliko wewe. Wengine wanawapa kuku. Sumu inafuata njia hiyohiyo, kwa kuku pia. Shimo la taka au moto.

Tumbaku hatutaizungumzia sana, yeye anayevuta anajua. Wazee wanaoamka usiku mara nne kukojoa, na mkojo unatoka kwa kusukuma, waseme kwa muuguzi. Mara nyingi ni tezi iliyokua kwa umri tu, lakini kujua siyo aibu. Na kwa ndugu zetu wa maombi na waganga wa kienyeji: hatugombani na ninyi. Tunawaomba tu, mgonjwa wa damu au wa uvimbe akifika kwenu, muombeni akiwa ameshapita kituo cha afya, au mpelekeni ninyi wenyewe. Maombi hayapungui nguvu kwa sababu mtu amepimwa.

Turudi kwenye sanduku. Tunachoomba mkutano huu ukubali ni hiki: sehemu moja katika nne ya mchango wa kila mwezi iwekwe pembeni, iitwe franga za safari ya kupimwa. Mama mwanachama, au mke wa mwanachama, mwenye miaka 30 mpaka 49, alipiwe kwenda na kurudi mpaka mahali wanapopima, mara moja kila miaka mitatu. Mwenye sababu ya kupimwa kuanzia miaka 25 asiulizwe sababu. Waende kikundi, watano au sita pamoja, wakati barabara iko salama, na mmoja wao awe ameshapimwa zamani ili awatulize wengine njiani. Akikutwa na alama inayotaka kurudi mara ya pili, safari ya pili nayo ilipwe. Mweka hazina ataandika tu "safari ya afya" na tarehe. Hataandika jibu la kipimo, na kamati haitaliuliza.

Tunajua neno ambalo litasemwa, maana limeshasemwa ndani ya kamati yenyewe. Mzee wetu mmoja alisema: "Maiti haiwezi kungoja. Mama mzima anaweza kungoja." Neno lake lina uzito. Hakuna anayetaka siku moja mwanachama alale siku tatu bila jeneza kwa sababu franga zilikwenda kwenye pikipiki. Kwa hiyo tumeweka mpaka: fungu la matanga likishuka chini ya gharama ya mazishi mawili, safari zinasimama mpaka lijae tena. Lakini mama mzima hangoji, mzee. Tunamwona mzima kwa nje, na ndani miaka yake kumi na tano inahesabiwa. Gharama ya kumzika mmoja, kwa bei za mbao na chakula cha matanga za leo, inaweza kupeleka kikundi kizima kupimwa na kukirudisha.

Wengine watauliza kwa nini tusingoje serikali au shirika. Mashirika tunayajua, tumeishi nayo miaka mingi, yanakuja na kibao na yanaondoka na kibao. Kampeni ya bure ikija tutaipokea kwa mikono miwili, na franga zetu zitalala kwenye sanduku. Isipokuja, tutakuwa na njia.

Kura itapigwa mkutano ujao, ili kila mmoja aongee kwanza nyumbani. Wababa, ongeeni na wake zenu kweli, msiwapigie kura kichwani kwenu. Majina ya kikundi cha kwanza yanaandikwa kwa mwakilishi wa wamama, siyo kwetu, na daftari analala nalo yeye. Watu wa kilimo wabaki kidogo baada ya chakula: shitingi mbili za chama zitagawanywa kwa zamu kuanzia mavuno ya karanga yanayokuja, na tunataka kupanga nani anaanza.